Macho Yasiyoshuka

Voi ni tambarare, na hiyo ndiyo sababu tulichelewa kujua. Binti yangu mkubwa alitembea vizuri tu hapa mjini, kutoka nyumbani hadi dukani kwangu ninakoshona sare za shule, na kutoka dukani hadi shuleni, kwenye vumbi na jua letu la kila siku, na hakuna aliyemwona akijikwaa. Lakini kila tulipopanda mlimani Mwanda, kwa wazazi wa baba yake, alianguka. Alianguka kwenye vijia vya kushuka mtoni, kwenye ngazi za mawe nyuma ya jikoni, na shambani, ambako hata mbuzi hushuka kwa adabu. Kupanda alipanda sawa. Kushuka ndiko kulikomshinda.

Watu wa Mwanda waliliona hilo kabla yangu, na wakapiga hesabu yao: mtoto haanguki Voi, anaanguka nyumbani, kwa hiyo nyumbani kuna kitu.

Niseme mapema kwamba nimechoka. Watu wakisikia una mtoto mgonjwa hukuletea nyuso za huzuni, wakakushika mkono, wakashusha sauti. Huzuni ninayo, sikatai, lakini huzuni ina likizo zake. Uchovu hauna. Nashona kola, naacha, naenda kumsaidia msichana wa miaka kumi na minane kuvaa soksi, narudi kwenye kola, na mteja amesimama mlangoni anasema sketi ya mtoto wake imebana. Siku nyingine hunijia hamu ya kumwambia, mama, shukuru mtoto ananenepa.

Huyu mkubwa wangu alikuwa na akili nyepesi. Akiwa darasa la tano aliweza kukata vitambaa bila mimi kumchorea, na wateja walimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi na hakusahau jina la mtu. Alipofika miaka kumi na minne, alama zake zikaanza kushuka. Kwanza hisabati, kisha zote. Mwalimu wake aliniita shuleni akaniambia kwa sauti ya mtu anayejua mambo, "Mama, kwa umri huu ni vitu viwili tu. Ama ni simu, ama ni kijana."

Simu nikachukua. Kijana nilimtafuta nikamkosa. Alama zikaendelea kushuka. Siku moja nilimpa shati la kukata akanikatia mikono miwili, yote ya kushoto. Nilimkaripia. Aliitazama ile mikono muda mrefu, akaniuliza kosa liko wapi, na nikaona kwamba haniulizi kwa kiburi. Kweli hakuliona.

Halafu kulikuwa na kicheko. Akicheka sana, magoti yalilegea, akaketi chini pu, kisha akainuka akiwa bado anacheka. Sote tulidhani ni mchezo wake. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa bado mdogo kweli, alimchekesha makusudi ili amwone akiketi. Hakuna mtu duniani anayempeleka mtoto hospitali kwa sababu amecheka.

Sauti zilikuja mwaka uliofuata. Aliniambia kuna watu wanaongea ndani ya tangi la maji nyuma ya nyumba, na kwamba wanamtaja. Baadaye akaniambia nimetia kitu kwenye chai yake. Akawa hanywi ila maji aliyochota mwenyewe kwa mkono wake, tena ananitazama huku anakunywa. Nimesikia maneno mengi makali maishani, duka ni mahali pa maneno, lakini hakuna lililoniuma kama kuona mtoto niliyemnyonyesha akinusa kikombe nilichompa.

Tulimpeleka kwa daktari wa maradhi ya akili. Akapewa dawa, na dawa zikazituliza sauti, kwa hilo nashukuru hadi leo. Lakini alama hazikupanda, ulimi ukaanza kuwa mzito, na Mwanda bado alianguka. Daktari alisema uzito huo huenda ni dawa zenyewe. Huenda, huenda. Nilirudi na hiyo huenda nyumbani nikaishi nayo.

Ndipo wakwe zangu walipoita kikao.

Sisi Wataita tuna imani ya zamani ambayo kanisa halijaimaliza, limeifunika tu na kitambaa cheupe. Hasira ya ndugu, hata kama haisemi, hata kama mwenyewe amesahau kwamba anayo, inaweza kumfanya mtoto wa ukoo augue. Hakuna haja ya uchawi wala ubaya. Hasira ikikaa moyoni tu, inatosha. Dawa yake ni mwenye hasira akubali mbele ya watu, achukue funda la pombe ya miwa, alipulize nje, na aseme kwamba moyo wake umepoa. Kwa kuwa baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, pombe ilikataliwa. Yakakubaliwa maji ya miwa, lakini yakamuliwe asubuhi hiyohiyo ili yasipate nafasi ya kuchacha. Na katekista akaalikwa aje kufunga kwa sala.

Mshukiwa alikuwa shangazi wa mume wangu. Siku ya harusi yetu aliketishwa kwenye hema la nje pamoja na wageni, badala ya ndani pamoja na mashangazi wenzake. Hilo lilikuwa limepita miaka mingi, mimi mwenyewe nililisahau, lakini Mwanda hakuna kinachosahaulika. Mama huyo ana umri mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Alipoulizwa alijibu pale pale, "Na huyu mtoto sina neno. Ni mtoto wangu. Na nyinyi wazee ndio niko na hasira, na mnajua."

Wakamwomba, wakambembeleza, wakamkumbusha mambo ya marehemu babake. Mwishowe akachukua kikombe, akapuliza, matone yakamfikia katekista kwenye shati. Wazee wakavuta pumzi. Kisha baba mkwe akanigeukia mimi, kwa heshima tu, kama mtu anayemalizia kazi.

"Na wewe, mama watoto? Moyo wako ni mweupe?"

"Hapana, baba," nikasema. "Mimi niko na hasira, na bado siko tayari kuiacha."

Akaniuliza hasira hiyo ni ya nani.

"Ni ya sisi sote. Tumekaa hapa tangu asubuhi tukiongea mambo ya hema, na mtoto mwenyewe ameketi huko nje kwenye jua, hakuna mtu amemuuliza kama amekula."

Sasa kikao kikakwama. Kwa kanuni zao wenyewe hakiwezi kufungwa kama kuna moyo mmoja unaochemka, na moyo huo ulikuwa wangu. Nikaambiwa niende nyuma ya nyumba nipoe. Nilikwenda, nikaketi na binti yangu, tukatafuna miwa iliyobaki. Aliniuliza mara kwa mara tumekuja kufanya nini. Mama mkwe ndiye aliyekuja baadaye na kikombe, amekishika kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwanangu, fanya tu. Sisi hatujui kitu kingine cha kufanya." Kwa sauti ile sikuweza kubishana. Nilirudi nikapuliza. Nusu yake nilimeza, maana jua lilikuwa kali na nilikuwa na kiu.

Tuliteremka Voi, na miezi ikapita binti yangu hajaanguka hata mara moja. Mwanda wakafurahi, wakapiga simu kusema imeshika. Mume wangu, ambaye ni karani wa ofisi huko Wundanyi na hushuka kwetu mwisho wa juma, aliniambia kwa upole kwamba labda sasa nitawaheshimu wazee wake. Hakuna kati yetu aliyeona jambo la wazi kabisa, kwamba hakuanguka kwa sababu hatukupanda mlimani. Nilikuwa na duka, muhula ulikuwa umeanza, shule zote zilitaka sare. Tulikaa Voi, na Voi hakuna mahali pa kushukia.

Disemba tulipanda, akaanguka kwenye ngazi zile za jikoni, akavunjika mkono.

Mkono huo ndio uliotufikisha Mombasa, kwa daktari kijana ambaye angeweza kuwa mteja wangu wa sare juzi juzi tu. Alitakiwa kuangalia mkono. Lakini alimsikia binti yangu akisema, akaacha mkono. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akainua kalamu, akamwambia aifuate kwa macho tu. Macho yakaenda kulia. Yakaenda kushoto. Kalamu iliposhuka, macho yakabaki pale pale yakimtazama daktari, na kichwa kizima kikawa kinasukuma dhidi ya vidole vyake, kinataka kuinama ili kiyasaidie.

"Huyu," daktari akaniuliza bila kunitazama, "akicheka sana, anaanguka?"

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikatafuta kiti. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeulizwa kuhusu simu, kijana, bangi, hema la harusi na kama nasali. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kicheko.

Alituchukua damu, binti yangu, mimi na baba yake, ikasafirishwa nje ya nchi, tukangoja hadi nikazoea kungoja. Tuliporudi kwa jibu, binti yangu alikuwa ameketi katikati yetu. Daktari alitueleza pole pole. Katika chembe za ubongo wake kuna mafuta ambayo yanapaswa kusafirishwa na kuondolewa, lakini kazi hiyo haifanyiki, kwa hiyo yanarundikana, na ubongo unapoteza kazi zake moja baada ya nyingine: masomo, macho, ulimi, miguu, baadaye kumeza. Sauti za tangini, na kule kuketi chini akicheka, ni sehemu ya hayo. Chanzo ni jeni moja yenye kasoro. Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba, na mwenye nakala moja mbovu haugui, haoni chochote, anazeeka na wajukuu wake. Binti yetu alipata mbovu ya baba yake, na mbovu yangu.

"Mko na undugu?" daktari akauliza.

Tulisema hapana, wote wawili kwa pamoja. Kisha tukatazamana. Mwanda, ambako na mimi nimezaliwa, watu wameoana jirani na jirani tangu zamani, ili mtu asiende mbali na shamba lake. Tulipochumbiana, wazee waliketi wakahesabu ukoo, wakakuta nyanya wa babu yake na nyanya wa babu yangu walikuwa ndugu, wakasema huko ni mbali vya kutosha, wakachinja. Hawakukosea kwa jinsi walivyojua. Ni mbali kweli. Mimi sikumbuki hata majina yao.

Nje kwenye ukumbi mume wangu alisema, "Kumbe ni sisi." Nami nitasema nilichohisi, hata kama si kizuri. Nilitamani iwe ni yake peke yake. Nilikuwa nimebeba hasira njia yote kutoka Voi na nilihitaji mahali pa kuitua, na sasa nimeambiwa nusu ya mzigo ni yangu.

Tulipopeleka habari Mwanda, baba mkwe aliuliza kama jeni inaweza kuombewa. Mama mkwe alilia. Shangazi wa hema alinipigia simu yeye mwenyewe.

"Kwa hivyo mimi sikuwa na makosa."

"Hukuwa nayo, shangazi."

"Na hiyo maji ya miwa mlinitemesha bure."

"Bure, shangazi. Utusamehe."

Akafikiri kidogo. "Lakini nilikuwa nimekasirika kweli," akasema. "Na siku hizi nalala vizuri." Nilicheka hadi nikashika meza ya cherehani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu Mombasa.

Lakini daktari alikuwa amesema jambo jingine siku ile, na hilo sikulipeleka Mwanda. Kila mtoto wetu alizaliwa na uwezekano ule ule, mmoja katika wanne. Na tuna mtoto mwingine.

Alisema si lazima tumpime. Hana dalili yoyote. Lakini kuna dawa ambayo haiponyi, hupunguza tu mwendo wa ugonjwa, na ingawa kuipata ni safari ndefu, kama mtu ataitumia ni afadhali aanze mapema. Mume wangu alitaka tumpime wiki ile ile. Mimi nilikataa. Tuligombana juu ya hilo karibu mwaka mzima, kwa sauti ya chini, kila mwisho wa juma, tukipokezana kuzima taa. Yeye alisema hawezi kuishi bila kujua. Nikamwambia mtoto mmoja ninaishi naye nikiwa najua, na ninaona vile kujua kunavyonifanya. Huyu mwingine niachie nimtazame akila bila kuhesabu namna anavyomeza.

Ulikuwa uongo, bila shaka. Nilikuwa nahesabu. Kila akileta alama za mtihani nilizisoma nikiwa nimesimama. Akisahau kitabu nyumbani, jioni hiyo sikuweza kula. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kumi na minne ilikuwa inakuja.

Siku moja mchana nilitoka nyuma ya duka nikamkuta mbele ya kioo cha wateja. Kwa mkono mmoja ameshika kidevu chake, kwa mwingine ameshika kalamu, anaishusha pole pole. Hatukuwa tumemwambia. Alikuwa ametusikia tu, kama watoto wote wanavyosikia ukidhani wamelala.

"Mama," akasema, bila kushtuka. "Nikitazama chini sijioni kwa kioo. Siwezi jua kama yameshuka. Hebu niangalie."

Nikachukua ile kalamu. Nikaishusha, na macho yake yakashuka nayo, mazuri, meusi, hadi nikaona kope tu.

"Yameshuka?"

"Yameshuka."

"Na mwaka ujao?"

Nilifunga duka mapema. Jioni nikampigia mume wangu simu Wundanyi nikamwambia aombe ruhusa kazini.

Mdogo alichukuliwa damu Mombasa, na safari hii hakuna aliyehitaji kuniambia kitu kuhusu kungoja, nilishakujua. Nilishona. Muhula mpya ulikuwa unakaribia na wazazi walikuwa wanakuja kutoka mbali kama Miasenyi, na mimi nilishukuru kwa kila sketi. Mdogo akawa ananisaidia baada ya masomo. Mkubwa naye alikuja nami dukani kila siku, kwa sababu hawezi kuachwa peke yake. Nilimpa kazi ya vifungo. Anainua kimoja kimoja hadi usawa wa macho, anakitazama, anakiweka kwenye kopo la rangi yake. Hukosea, nami huvipanga upya akiwa haoni. Anaongea kidogo siku hizi, na kila neno linamchukua muda, unaona analifuata hadi analipata.

Simu ilipolia wote wawili walikuwepo. Nilijua ni daktari kabla sijaishika. Aliniuliza kama nimeketi, nikamwambia aseme tu. Akasema mdogo hana ugonjwa. Amebeba nakala moja, kama mimi, kama baba yake, na atakuwa mzima.

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikaweka simu juu ya kitambaa, nikamvuta yule mtoto kwangu, nikamwambia sikioni kisha nikamwambia tena kwa sauti, na yeye akalia kwa kelele, na mimi nikalia, mwanamke aliyekuwa anapita nje akachungulia kisha akajiendea zake. Miaka mingi sikuwa nimelia kwa jambo zuri.

Tulipotulia, nikaona mkubwa ameacha vifungo. Alikuwa anatutazama, na uso wake umefurahi, maana anapenda tukifurahi. Alikuwa pale Mombasa siku ile. Aliketi katikati yetu, akasikia kila neno, na usiku huo aliniuliza maswali mazuri. Hayo yote yalikuwa yameshamtoka.

"Na yangu," akasema, akalitafuta neno, akalipata. "Na yangu ilisema nini?"

Ni mdogo aliyejipangusa macho, akaenda akaketi karibu na dada yake, akamrekebishia kola.

"Yako bado haijarudi," akamwambia.

Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameelewa. Akainua kifungo kingine usawa wa macho.

"Ikirudi," akasema, "mniambie."